Ukishasaini ndio imekwisha? Polisi wanavyohoji, na ungamo linavyohesabika la hiari

Mama mmoja jirani yetu huku Kisauni alinijia saa nne usiku, kanga moja kichwani moja kiunoni, anahema, akaniambia mwanawe ameshikwa tangu jana na leo alipompelekea chakula kamkuta ameshasaini karatasi. Kasaini nini? Hajui. Kijana mwenyewe hajui. Aliambiwa weka sahihi hapa chini wende nyumbani, akaweka, na nyumbani hakwenda. Duka la simu lilikuwa limevunjwa, yeye alionekana akipita hapo jioni, umri wake miaka kumi na tisa. Mama akaketi kwenye kibaraza akaniuliza, "Sasa mwanangu, si ndio basi tena, ameshasaini?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi mno. Mimi si wakili, ni msaidizi wa sheria wa mtaani tu, nimekaa kwenye mabenchi ya ripoti ofisi na veranda za korti miaka ya kutosha, na naona kabisa kwamba watu wengi wa Mombasa wanaamini saini ni kama talaka tatu, ikishatoka haina kurudi. Si kweli. Lakini pia si kweli kwamba ungamo lolote waweza kulikana kesho yake na likafutika hivi hivi. Katikati hapo pana sheria ndefu, na hiyo ndiyo nataka tuifungue pole pole.

Tuanze na ungamo lenyewe ni kitu gani, manake watu wanadhani ni mpaka useme "mimi ndiye niliyeiba". Sheria ya Ushahidi ya Kenya, sura ya 80, kifungu cha 25, yasema ungamo ni maneno, au kitendo, au vyote viwili, ambavyo mtu akivipima peke yake au pamoja na mambo mengine yaliyothibitishwa anaweza kuona kwamba wewe ndiye uliyetenda kosa. Kwa hivyo hata "ndio nilikuwa nao, lakini mimi nilisimama nje tu" ni kitu kizito sana, maskini kijana anadhani amejitoa kumbe amejiweka ndani ya kundi. Na kifungu kinachofuata kinagusa pia kukubali jambo moja moja linaloelekea kuonyesha hatia, si lazima ukiri kosa zima.

Halafu kuna hili la kuitwa "njoo uandikishe stetimenti". Shahidi huandikisha maelezo, na mshukiwa huhojiwa, na hivi ni vitu viwili mbali mbali, ila kwenye meza ya askari vinafanana kwelikweli, karatasi ile ile, kalamu ile ile, maswali yale yale. Mtu anaenda mwenyewe kwa miguu yake kama shahidi, anaongea kwa uhuru kama anayeongea na ami yake, na katikati ya mazungumzo amegeuka mshukiwa bila ya mtu kumwambia. Mimi huwaambia watu, kabla ya kukaa uliza: nimeitwa kama shahidi au kama mshukiwa? Ni swali la adabu kabisa na afisa mzuri hulijibu bila kukasirika.

Sasa ukishikwa. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inasema uambiwe haraka, tena kwa lugha unayoielewa, sababu ya kushikwa, kwamba una haki ya kunyamaza, na kwamba usiponyamaza nini chaweza kufuata. Uweze kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Usilazimishwe kukiri wala kukubali jambo ambalo litakuja kutumiwa dhidi yako. Na ufikishwe kortini mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24 tangu kushikwa.

Hizo saa 24 watu huzihesabu vibaya, na hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu ungamo nyingi zenye utata huzaliwa ndani ya muda huu. Katiba inasema kama saa 24 zinaishia nje ya muda wa korti, au siku isiyo ya korti, basi ni mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kijana akishikwa Ijumaa baada ya swala, saa 24 zake zinaishia Jumamosi, korti imefungwa, kwa hivyo atakaa ndani Jumamosi, Jumapili, na ataonekana na hakimu Jumatatu, na ikiwa Jumatatu ni sikukuu basi ni Jumanne. Yote hayo ni ndani ya sheria. Siku tatu nne kwenye seli yenye ndoo moja ya haja na watu kumi na tano, hujaoga, hujalala, mbu wanakumaliza, mkeo hajui uko kituo gani, na kila mara anakuja mtu mlangoni anakwambia kwa upole kabisa, "wewe sema tu ukweli tumalize". Mara nyingine mpelelezi anakupeleka kortini si kukushtaki bali kuomba siku zaidi za upelelezi, na hakimu aweza kuzitoa akiona pana sababu nzito, na kwa kesi za ugaidi, ambazo sisi wa pwani tunazijua vizuri, siku hizo huweza kuwa nyingi sana. Hapo ndipo uchovu unapofanya kazi ambayo rungu halikufanya.

Tuje kwa kifungu chenyewe kinachoamua, kifungu cha 25A. Ungamo halikubaliki dhidi ya mshtakiwa isipokuwa limefanywa kortini mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi ambaye si yule anayepeleleza kesi hiyo, mwenye cheo kisichopungua Inspekta, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Soma tena hapo kwa mtu wa tatu. Aliyechaguliwa na mshukiwa, si aliyeletwa na polisi, si askari mwenzake aliyekuwa akipita koridoni.

Kwa hivyo yale maneno uliyoyatoa kwenye lori la polisi usiku, yale uliyomwambia konstebo aliyekushika, yale aliyoyaandika mpelelezi mwenyewe mezani kwake mkiwa wawili tu mlango umefungwa, hayo si ungamo la kukupeleka jela, hata ukisaini kurasa kumi na uweke dole gumba juu yake. Mama wa Kisauni nilimuuliza hilo kwanza: mwanao alisaini mbele ya nani? Akasema yule yule aliyemshika. Peke yao? Peke yao. Nikamwambia mama, hiyo karatasi ina mguu mmoja tu, lakini tusilale, manake karatasi mbovu nayo hutisha watu, mpelelezi aweza kuitumia kumwambia kijana "ushakubali hii, basi njoo sasa tuifanye rasmi mbele ya mkubwa".

Kwa nini sheria ikawa kali hivi? Haikuanguka kutoka juu. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1980, watu wakishikwa kwa tuhuma za Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, wakifungiwa vyumba vya chini ya jengo la Nyayo House kule Nairobi, vingine vikijazwa maji, njaa, kipigo, halafu wanatolewa wanapelekwa kortini jua likizama, bila wakili, na wanakiri. Kwenye rekodi yote ilionekana ya hiari. Hakuna aliyeandika "nimekiri kwa sababu nimesimama ndani ya maji". Baada ya serikali kubadilika mwisho wa 2002, bunge mwaka 2003 likapitisha mabadiliko ya sheria za jinai, ndio hayo hayo yaliyoondoa adhabu ya viboko, na kwa upande wa ungamo likafunga mlango kabisa: ungamo liwe kortini tu. Polisi wakalalamika kwamba kazi imekuwa ngumu, na 2007 mlango ukafunguliwa tena kidogo, ndio huo wa Inspekta na mtu wa tatu. Kisha 2009 zikaja kanuni za ungamo linalofanywa nje ya korti.

Hizi kanuni za 2009 natamani zingebandikwa ukutani kila kituo, kuanzia Likoni mpaka Bamburi. Afisa anayerekodi anatakiwa akuulize unataka kutumia lugha gani. Kama hujui Kiswahili wala Kiingereza upewe mkalimani bila kulipa. Usiwe umenyimwa chakula, maji wala usingizi. Saa na tarehe uliyoshikwa na muda uliokaa ndani viandikwe. Ukiwa na maradhi yashughulikiwe. Uelezwe haki ya kuwa na wakili unayemtaka. Umtaje mtu wako wa tatu, aandikwe jina na uhusiano wenu, na uweze kuongea naye kabla ya onyo kurekodiwa. Onyo nalo ni yale maneno kwamba hulazimiki kusema lolote, lakini utakalosema litaandikwa na laweza kutolewa kama ushahidi.

Na kuna kanuni moja mimi naiona ndio roho ya zote: afisa huyo haruhusiwi kabisa kurekodi ungamo la mtu anayelalamika kwamba ameteswa, au ambaye mwili wake unaonyesha majeraha, uvimbe, au uchovu usio wa kawaida. Yaani Inspekta akimwona kijana jicho limefura, anachechemea, anasinzia kitini, kazi yake hapo ni kuweka kalamu chini. Haambiwi achunguze kwanza kama ni kweli alipigwa au alianguka bafuni. Aache.

Hili la lugha watu hulipita haraka na kwetu hapa ni kubwa. Yule kijana wa jirani anaongea Kiswahili chake cha Kisauni, skuli aliachia darasa la nane, na karatasi aliyosaini ilikuwa ya Kiingereza kitupu kilichonyooka. Nani aliyekisema hicho Kiingereza? Hakusema yeye. Askari alisikia Kiswahili, akakigeuza kichwani mwake, akaandika alichoelewa, halafu akamsomea kwa Kiswahili kwa haraka, na kijana akasaini kile alichokisikia, si kile kilichoandikwa. Mfano mdogo tu: "nilikuwa nao" yaweza kuwa nilikaa nao maskani jioni, yaweza kuwa nilishiriki nao usiku, au hata nilikuwa nazo zile simu ikiwa mwandishi hakusikia vizuri, na kila moja ni kifungo tofauti. Mzee wa Kigiriama kutoka bara ya Kilifi, mama wa Kisomali, baharia wa nje aliyeshuka Kilindini, wote hawa wana haki ya kukisema chao kwa lugha yao. Ukiwa kwenye hali hiyo omba yaandikwe kwa lugha uliyoyasema, usomewe yote, na ukiona neno si lako sema libadilishwe, hata kama afisa anavuta pumzi kwa hasira.

Sasa hiari. Hili ndilo fundo lenyewe.

Wengi wetu tunadhani ungamo la kulazimishwa ni la kipigo tu. Ukimuuliza mtu, "ulilazimishwa?" anasema "la, hawakunigusa", na hapo anajifunga mwenyewe bila kujua. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ushahidi kinataja mambo matatu: kushawishiwa, kutishwa, na kuahidiwa. Yanatoka kwa mtu mwenye mamlaka, yanahusu mashtaka yenyewe, na yanatosha kumfanya mshukiwa aone, kwa akili ya kawaida, kwamba akikiri atapata faida au ataepuka madhara kwenye kesi hiyo. Ahadi, jamani. "Ukikiri nitakuandikia kosa dogo." "Sema wewe ndiye, nitazungumza na mwenye duka, kesi iishe hapa hapa." "Saini, wende nyumbani." Hakuna kofi hata moja hapo, na bado ungamo hilo limeoza. Vitisho navyo si vya rungu peke yake, "tutamleta mamako naye alale hapa" ni kitisho kikubwa kuliko fimbo kwa kijana anayempenda mamake.

Kuna jambo ndani ya kifungu hicho wengi hawalijui nami lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Faida au madhara yanayozungumzwa ni ya kidunia. Kwa hivyo askari akikuambia "muogope Mungu, kesho kuna kaburi, sema ukweli", hayo kwa jicho la kifungu hiki si ushawishi unaoharibu ungamo, kwa sababu hakuahidi kitu cha hapa duniani. Kwa mji wetu huu, ambapo maneno ya dini yanamgusa mtu kuliko kipigo, mimi naona hapo pana nafasi ya mtu kusukumwa bila sheria kuona. Ndio maana nawaambia vijana, kumuogopa Mungu ni kusema kweli, na kusema kweli waweza kuifanya mbele ya wakili wako na mbele ya hakimu, si lazima iwe saa tisa za usiku mbele ya mpelelezi.

Na ahadi ikishatolewa haiishi kwa sababu tu mtu amebadilishiwa chumba. Kifungu cha 27 kinakubali ungamo lililofuata baadaye ikiwa korti itaona athari ya ile ahadi au kile kitisho imeondoka kabisa. Basi ule ujanja wa kumpiga mtu chumba namba moja halafu kumpeleka chumba namba mbili kwa Inspekta mpole mwenye chai na mandazi hausafishi kitu, kama yule wa chumba cha kwanza bado amesimama mlangoni.

Hapa huja swali ambalo watu wazima wenye akili zao huniuliza, na nawaelewa: lakini mtu asiye na hatia atakiri vipi? Mimi hata wanichune ngozi sikubali nisilolifanya. Kaka, utakubali. Akili iliyochoka haipimi miaka kumi ya jela, inapima dakika kumi zijazo, na ndani ya dakika kumi zijazo kusaini ndio mlango pekee unaouona. Pia mtu anajiambia, mimi sikufanya, korti itaona, acha nisaini nitoke hapa kwanza, yaani kule kutokuwa na hatia kwenyewe ndiko kunakomfanya asaini. Na ungamo lake litakuwa na maelezo mazuri, manake maelezo ameyasikia kwenye maswali: "ulipitia dirisha la nyuma, sivyo?" Kesho kwenye karatasi unakuta "nilipitia dirisha la nyuma", na anayesoma anasema angejuaje kama hakuwepo?

Kule Japani kulikuwa na bondia wa zamani, Iwao Hakamata, alishikwa 1966 kwa mauaji ya watu wanne wa familia moja, akahojiwa siku kama ishirini kwa masaa mengi kila siku, akakiri, kisha akakana kortini, akahukumiwa kifo 1968. Aliachiliwa 2014, na ilipofika Septemba 2024 ndipo korti ikasema hana hatia, yeye ni mzee wa miaka 88 na akili imeshaharibika kwa kukaa miaka yote hiyo akisubiri kitanzi. New York mwaka 1989 vijana watano wa kati ya miaka 14 na 16 walishtakiwa kwa unyama aliofanyiwa mwanamke mmoja bustanini, wanne wao wakakiri mbele ya kamera, wote wakafungwa, na 2002 hukumu zikafutwa baada ya mtu mwingine kukiri na vipimo vya DNA kumlenga yeye. Mbele ya kamera, naomba muone hilo. Kamera iliwashwa mwisho, baada ya masaa ya kuhojiwa ambayo hayakurekodiwa. Kanuni zetu zinaruhusu kurekodi kwa vyombo pale vilipo, na mimi naunga mkono, lakini kamera iwashwe tangu swali la kwanza, si wakati mtu ameshalainika.

Kuna njia nyingine ya kuhoji, si kwamba polisi waache kuuliza. Uingereza tangu miaka ya 1990 mwanzo mwanzo walibadilisha mafunzo yao, badala ya kumkalia mtu mpaka akiri wanajiandaa kwanza, wanamwacha aeleze mwenyewe kwa maneno yake mpaka amalize, halafu wanalinganisha alichosema na ushahidi walioupata nje. Mwaka 2021 yakatoka mapendekezo ya kimataifa yanayojulikana kwa jina la Juan Méndez, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mateso, na msingi wake ni huo huo: kuhoji ni kutafuta habari, si kutafuta ungamo. Mpelelezi mwenye risiti za simu, kamera ya duka la jirani na alama za vidole hahitaji kubembeleza wala kutisha. Anayehitaji ungamo sana mara nyingi ni yule ambaye hana kingine.

Najua kuna wanaosoma hapa roho zimewachemka. Watu wamekatwa mapanga Kisauni, Likoni, Majengo, mama kanyang'anywa pochi ya kuuzia maharagwe, na wewe unakuja kutuambia habari za usingizi wa mshukiwa? Mimi naishi hapo hapo na binamu yangu ana kovu kuanzia sikio mpaka bega. Ndio hasa sababu yangu. Ungamo la mabavu likifika kortini wakili akalitupa nje, na polisi walikuwa wameacha kutafuta ushahidi mwingine kwa sababu "ameshakiri", aliyekukata panga anatoka mlangoni mchana kweupe, na kama aliyekiri hakuwa yeye, basi mwenyewe hajashikwa hata siku moja.

Kortini nako kuna mambo mawili watu huyachanganya. La kwanza ni siku ya kusomewa mashtaka. Hapo karani anasoma, unaulizwa kweli au si kweli, na ukijibu "ni kweli" hilo si ungamo la polisi tena, ni kukubali mashtaka mbele ya hakimu, na waweza kufungwa siku hiyo hiyo. Hakuna rungu hapo, ila mdomo wako. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973, kesi ya Adan, iliweka utaratibu unaofuatwa mpaka leo: usomewe kosa na sehemu zake zote kwa lugha unayoielewa, majibu yako yaandikwe kwa maneno yako mwenyewe, kisha upande wa mashtaka ueleze ilivyokuwa, na wewe uulizwe tena kama unakubaliana na hayo. Ukisema "ni kweli nilichukua, lakini ilikuwa pikipiki yangu, alikuwa na deni langu", hapo hakimu anatakiwa aandike umekana. Lakini mpaka uyaseme hayo yote! Vijana wengi wanaambiwa na wenzao wa seli "sema ni kweli upigwe faini", wanasema neno hilo moja wanaketi, na la faini hawalioni.

La pili ni kesi yenyewe ikianza na upande wa mashtaka uje na ungamo. Mshtakiwa akisema sikulitoa kwa hiari, kesi kubwa inasimama na inafanyika kesi ndani ya kesi, juu ya hilo tu, na ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuthibitisha bila shaka yoyote kwamba ungamo lilikuwa la hiari, si wewe kuthibitisha kwamba uliteswa. Anaitwa Inspekta, anaitwa mtu wa tatu, inaletwa OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni, kuona uliingia saa ngapi na ulitolewa seli saa ngapi, inaletwa P3, fomu ya daktari ya majeraha, kama ulipata kuijaza. Ibara ya 50 ya Katiba nayo inaamuru ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki uondolewe ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki. Na Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 inasema afisa anayetesa aweza kufungwa mpaka miaka 25.

Lakini wenzangu tuwe wakweli, ungamo likishapita hapo lina nguvu. Kukana kuko kwa namna mbili, kuna anayesema "nilisema lakini nilisukumwa" na anayesema "sikusema kabisa hayo, wameyatunga", na tangu kesi ya Tuwamoi ya 1967 korti zetu huambiwa zichukue tahadhari kubwa kwa yote mawili, kwa kawaida zitafute ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, ila hakimu akiridhika kabisa kwamba ni kweli aweza kufunga mtu kwa ungamo hilo. Mfano mnaoukumbuka ni kesi ya mauaji ya wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi, waliotekwa Juni 2016. Mshtakiwa mmoja, mpasha habari wa polisi, alikiri kisha akalikana ungamo, ikafanywa kesi ndani ya kesi, jaji akalikubali, na 2022 wakatiwa hatiani yeye na askari watatu. Kwa hivyo sheria hii hailindi wahalifu tu kama watu wasemavyo. Ungamo lililochukuliwa kwa utaratibu lilisaidia kuwafunga waliovaa sare.

Kwa familia, haya ndiyo niliyomwambia mama usiku ule. Nenda kituoni asubuhi na mtu mzima mwenzio, omba namba ya OB, uliza jina la mpelelezi na kosa ni gani. Mwambie kijana asiseme wala asisaini tena mpaka wewe au wakili muwepo, na kama wanataka ungamo amtaje wewe kama mtu wa tatu. Mtazame mwili, macho, mikono, umuulize amekula lini na amelala saa ngapi, uandike. Usitoe hela kwa mtu asiyekupa risiti, bondi ya polisi ni bure. Huna wakili, yapo mashirika ya haki kama MUHURI, HAKI Africa na Kituo cha Sheria hapa hapa mjini, na lalamiko juu ya askari lapelekwa IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi. Mtoto wa chini ya miaka 12 hana kosa la jinai kabisa kwa Sheria ya Watoto ya 2022, na aliye juu ya hapo lakini bado mtoto, usikubali ahojiwe peke yake. Na siku ya kwanza kortini, kijana aseme mbele ya hakimu kwa sauti kilichompata ndani, ili kiandikwe. Kinachosemwa siku ya kwanza kina uzito ambao kile cha mwaka wa pili hakina.

Alikisema. Alisimama pale sauti inatetemeka akasema mheshimiwa nilisainishwa kwa kuambiwa nitaenda nyumbani, na karatasi sikuisoma. Hakimu akainamisha kichwa akaandika. Ile karatasi haikuletwa kamwe kama ushahidi, kesi ikaahirishwa mara tatu, mashahidi hawakuja, mwishowe upande wa mashtaka ukaiondoa. Miezi saba yote mamake alikuwa akifunga genge kila siku ya korti. Mwenye duka, ambaye naye ni mtu wetu na nilimwona juzi pale Kongowea akinunua ndizi, simu zake hazijapatikana mpaka leo, na tangu siku ile kijana aliposaini hakuna askari aliyerudi dukani kumuuliza tena.